Pembe na Hisa: Kuisoma Tena Njia ya Misafara ya Tabora

Katika mafunzo ya itikadi tunayoyaendesha mikoa ya magharibi, swali moja limekuwa likijitokeza mara kwa mara katika miaka ya karibuni, nalo linahitaji kujibiwa waziwazi. Swali lenyewe ni hili: je, mkulima au mfanyakazi mwenye akiba ndogo afanye vyema kuiweka akiba hiyo katika hisa za makampuni makubwa ya teknolojia, ambayo tunaambiwa kila siku kuwa bei zake zinapanda? Swali hili haliulizwi Dar es Salaam peke yake. Linaulizwa Urambo, Kaliua na Sikonge baada ya malipo ya tumbaku, na linaulizwa na vijana ambao simu zao huwaletea habari za soko la New York kabla ya habari za soko la kijijini kwao.

Majibu yanayotolewa ni ya aina mbili. Wapo wanaosema kwamba hisa ndiyo njia mpya ya kujitegemea, na kwamba asiyenunua sasa ameachwa na wakati. Wapo wengine wanaosema kwamba soko la hisa ni kamari ya mabepari, na kwa hiyo mjamaa hana la kulisema juu yake ila kulilaani. Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yamekosea, na kwamba yamekosea kwa sababu moja: hakuna aliyejiuliza biashara ya bei inamfaa nani, na kwa nini.

Ili kulijibu swali hili hatuna haja ya kuanzia New York. Tabora imekwisha kuyapitia mambo haya. Karne ya 19 mji huu ulikuwa katikati ya biashara kubwa iliyotegemea mkopo, bei ya mbali na tamaa ya kupata upesi. Tunacho kitabu kilichoandikwa na mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo, tena kwa Kiswahili. Tunapendekeza kitabu hicho kisomwe upya, na kisomwe kwa macho ya uchumi.

Kitabu na mwenye kitabu

Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake mwishoni mwa siku zake huko Unguja. Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha Berlin katika mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akazitafsiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1950. Kwa muda mrefu kitabu hiki kimesomwa kwa namna mbili. Walimu wa lugha wamekisoma kwa sababu ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiswahili ambamo mtu anasimulia maisha yake kwa nathari. Walimu wa historia wamekisoma ili wapate habari za safari, vita na wazungu waliopita.

Kwa lugha, kitabu kinastahili sifa. Maneno yake ni machache, sentensi zake zinakwenda moja kwa moja, na hakina mapambo. Lakini tunapokisoma kwa makini tunaona kwamba sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu. Mwandishi anakumbuka frasila za pembe, idadi ya mizigo, aliyemkopesha na kiasi alichomkopesha, bei ya huku na bei ya kule. Watu wanaingia katika masimulizi wakiwa na mali au wakiwa na bunduki, na wakikosa vyote viwili wanatajwa kwa idadi tu. Huu si upungufu wa kumbukumbu ya mzee. Ndivyo mfanyabiashara wa pembe alivyoiona dunia, naye ameiandika kama alivyoiona. Hapo ndipo thamani ya kitabu ilipo kwetu: ni maelezo ya mwekezaji kutoka kinywani mwake mwenyewe, kabla hajajifunza kujificha.

Baba yake mwandishi, Muhammed bin Juma, alikuwa mkazi wa Unyanyembe na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Hilo linatuonyesha kwamba biashara haikupita Tabora kama upepo. Iliingia katika nyumba za watemi, ikafunga ndoa humo, na ikapata washirika. Wakati Burton na Speke wanafika mwaka 1857, tayari palikuwa na wafanyabiashara wa pwani waliojenga matembe na kukaa kwa miaka. Makosa ya kwanza ya msomaji ni kudhani kwamba unyonyaji huja ukiwa na uso wa mgeni tu.

Mali kauli

Msingi wa biashara hiyo ulikuwa mali kauli, yaani bidhaa zilizotolewa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Mfanyabiashara wa msafara kwa kawaida hakuwa na rasilimali ya kutosha. Alikwenda Unguja kwa wenye fedha, ambao wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, akapewa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Alikwenda bara, akakaa mwaka, miwili, mitatu au zaidi, kisha akarudi na pembe. Pembe zilikwenda kwa yule yule aliyemkopesha.

Tuangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa mwenye kukopesha alipata mara tatu. Alipata faida katika bei ya vitambaa, kwa sababu mkopaji hakuwa na nafasi ya kubishana. Alipata riba juu ya deni. Tena alipata faida katika bei ya pembe, kwa sababu mdaiwa hakuwa huru kumwuzia mtu mwingine. Aliyebeba hatari ya njiani, homa, vita na mizigo kupotea, alikuwa ni mwingine.

Tippu Tip mwenyewe aligharimiwa na Taria Topan, tajiri mkubwa wa Unguja. Safari yake ndefu kuliko zote ilianza yapata mwaka 1870, naye hakurudi Unguja mpaka mwaka 1882. Kwa muda wa miaka 12 fedha ya Taria Topan ilikuwa imelala porini, zaidi ya ziwa Tanganyika. Taria Topan hakufilisika kwa kungoja. Alikuwa na biashara nyingine, na katika miaka hiyo aliwahi kushika hata ushuru wa forodha wa Unguja.

Hapa ndipo tunapoipata kanuni ambayo tunataka msomaji aishike mpaka mwisho wa makala haya. Katika biashara ya bei, nguvu iko kwa mwenye uwezo wa kungoja. Ujuzi unasaidia, ushujaa unasaidia, bahati inasaidia. Lakini vyote hivyo vinaweza kuwa upande wa mtu ambaye deni lake limefika kabla bei haijafika, naye atauza kwa hasara. Mwenye kungoja atanunua kutoka kwake.

Mpagazi yuko wapi?

Pembe zilitoka bara mabegani mwa watu. Wanyamwezi walikuwa ndio wapagazi mashuhuri kupita wote wa njia ya kati, na kila mwaka makumi ya maelfu ya watu walipita katika njia hiyo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Wengi wao walikuwa watu huru wanaofanya kazi kwa ujira, tena walijua kugoma, kudai posho na kutua mizigo pale ambapo mapatano yamevunjwa. Wengine walikuwa watumwa. Biashara ya pembe na biashara ya watu zilikwenda katika njia moja.

Katika kitabu tunachokihakiki mpagazi anaonekana hasa anapokimbia. Mwandishi anasimulia jinsi wapagazi walivyomkimbia mwanzoni mwa safari moja, na jinsi alivyowafuata vijijini mwao, akakamata watu na kuwatia minyororo ili mizigo iendelee. Anasimulia bila haya, na hata kwa fahari, kwa sababu kwake kosa lilikuwa la waliokimbia. Mhakiki anayesifu ufasaha wa ukurasa huo bila kuuliza habari za minyororo hajamaliza kazi yake.

Pembe hizo zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda viwandani, hasa Ivoryton na Deep River katika jimbo la Connecticut, Marekani, zikapasuliwa kuwa vitana na vibao vya piano. Piano ilikuwa chombo cha fahari katika nyumba za watu wa kati wa nchi za viwanda, na kadiri nyumba hizo zilivyoongezeka ndivyo bei ya pembe ilivyopanda. Mtu wa Tabora aliona bei inapanda miaka nenda rudi, akaamini kwamba kupanda ni tabia ya pembe. Hakuiona piano. Hakuwa na habari ya anayeinunua, wala ya siku ambayo ataacha kuinunua.

Siku hiyo ilikuja kwa njia nyingine. Tembo wa karibu walikwisha, misafara ikalazimika kwenda mbali zaidi mpaka Manyema. Halafu Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold ikazielekeza pembe za Manyema kwenye bahari ya Atlantiki, na vita vya mwaka 1892 hadi 1894 vikavunja nguvu ya wafanyabiashara wa pwani huko. Katika Unyanyembe Wajerumani walimshinda Mtemi Isike mwezi Januari 1893. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi ikafa. Pembe hazikuwa uongo; reli nayo haikuwa uongo. Lakini mji uliojengwa juu ya bei ulibaki na matembe yanayobomoka, na wajukuu wa wapagazi hawakurithi hata kipande kimoja cha kiwanda cha Connecticut.

Hisa za leo

Tukiwa na somo hilo, twende sasa New York. Mwezi Oktoba 1929 soko la huko lilianguka, na kila mwanafunzi wa siasa amefundishwa habari hiyo. Mfano ulio karibu zaidi na swali letu ni wa mwaka 2000. Intaneti ilikuwa imeanza kuenea, na watu walisema kwamba itabadilisha maisha ya binadamu. Walisema kweli. Kampuni ya Cisco, iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya kuunganishia mitandao, ilifikia thamani ya zaidi ya dola bilioni 500 mwezi Machi 2000, na kwa muda mfupi ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Bei za soko la Nasdaq zilishuka kwa takriban asilimia 78 kufikia Oktoba 2002, na hisa ya Cisco ilipoteza zaidi ya asilimia 80. Kampuni haikufa. Iliendelea kuuza mitambo na kupata faida. Hata hivyo, hisa yake ilirudia bei ya mwaka 2000 mwezi Desemba 2025 tu.

Yaani miaka 25. Mtu aliyekuwa na hakika kwamba intaneti itaitawala dunia alikuwa na hakika sahihi, naye bado aliweza kupoteza fedha zake. Ukweli wa teknolojia na ukweli wa bei ni mambo mawili. Tunamwuliza anayeshauri wakulima wetu: ni mkulima gani wa Sikonge awezaye kungoja misimu 25?

Leo neno kubwa ni akili mnemba. Kampuni ya Nvidia, inayosanifu chipu za kompyuta za kazi hiyo, ilipita thamani ya dola trilioni 5 mwezi Oktoba 2025, ambayo ni zaidi ya mara 50 ya pato la mwaka mzima la Tanzania. Mwaka huo makampuni saba makubwa ya teknolojia yalichukua takriban theluthi moja ya thamani ya makampuni 500 makubwa yanayopimwa katika soko la Marekani. Mwezi Septemba 2025 Nvidia ilitangaza nia ya kuweka hadi dola bilioni 100 katika OpenAI, ambayo nayo ni mnunuzi wa chipu za Nvidia. Msomaji wa habari za Unguja anamtambua mtu huyu. Ni yule anayekopesha vitambaa kwa mkono mmoja na kupokea pembe kwa mkono wa pili. Mzunguko kama huo unaweza kuzaa mali ya kweli. Unaweza pia kuifanya biashara ionekane kubwa kuliko ilivyo. Aliye nje ya mzunguko hana njia ya kupambanua mapema.

Na wapagazi je? Wapo, na baadhi yao wanazungumza Kiswahili. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kutenga maandishi ya kutisha, programu zipate kujifunza kuyaepuka. Kongo nayo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayotiwa katika betri za simu na kompyuta, na inatoka hasa Katanga. Katanga si nchi ngeni katika historia ya Tabora. Msiri, aliyejenga utawala wake Bunkeya, alitoka Unyamwezi kwa biashara ya pembe na shaba. Mwaka 1891 iliundwa huko Ubelgiji Kampuni ya Katanga, kampuni ya hisa. Msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa kwa ajili yake ulipitia Tabora mwaka huo huo, na mwezi Desemba Msiri akauawa. Wenye hisa hizo hawakuona damu. Waliona cheti.

Mifano ya nyumbani

Huenda msomaji akasema kwamba tunazungumzia mambo ya mbali. Basi tuangalie Kenya. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni ya simu ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu waliomba zaidi ya mara tano ya hisa zilizokuwapo. Wengi walikopa benki ili waombe nyingi. Waombaji wadogo wakapewa karibu asilimia 21 tu ya walizoomba, huku riba ikihesabiwa. Hisa zilianza kuuzwa sokoni mwezi Juni kwa bei ya juu, lakini kabla mwaka haujaisha zilikuwa chini ya shilingi 5, na mwaka 2009 zilifika chini ya shilingi 3.

Waliokopa waliuza. Waliokuwa na nafasi ya kungoja walinunua. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40, na mwaka 2023 ilishuka tena chini ya shilingi 15. Kampuni ilikuwa ile ile, simu zile zile, wateja wale wale. Kilichowatenganisha aliyefaidi na aliyeumia kilikuwa deni na muda. Hakuna mfano bora kuliko huu wa kanuni tuliyoipata kwa Taria Topan.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mwaka 2016 sheria iliyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa zake kwa umma. Vodacom Tanzania iliuza mwaka 2017, kwa shilingi 850 kila hisa, ikakusanya shilingi bilioni 476. Mwanzoni wanunuzi walikuwa Watanzania peke yao; hisa hazikumalizika, muda ukaongezwa, na milango ikafunguliwa kwa wanunuzi wa nje. Baadaye bei ilishuka chini ya 850 na kukaa huko kwa miaka. Miongoni mwa wenye hisa wakubwa ilikuwapo kampuni iliyoitwa Mirambo Limited. Mwaka 2019 hisa zake zilinunuliwa na Vodacom ya Afrika Kusini, ambayo ikafikisha asilimia 75. Jina la Mirambo likatoka katika daftari. Uamuzi juu ya kampuni unakaa mahali palipo na asilimia 75.

Hatusemi kwamba sheria ya mwaka 2016 ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, kwa sababu ililazimisha hesabu za kampuni zionekane hadharani na iliwapa wananchi gawio pale linapotangazwa. Lakini mtu mwenye hisa 200 asiambiwe kwamba sasa yeye ni mwenye kampuni. Ana haki ya kupokea sehemu ya faida. Hana sauti juu ya bei ya muda wa maongezi, wala juu ya mnara unaojengwa au usiojengwa kijijini kwake.

Makosa mawili

Sasa tunaweza kuyajibu majibu mawili tuliyoanza nayo. Wanaosema kwamba hisa ndiyo kujitegemea kupya wanachanganya akiba na rasilimali inayotawala. Wanafundisha watu kuuliza "kampuni gani itapanda?" na kuacha kuuliza "fedha hii ni ya nini?" Fedha ya pembejeo ya msimu ujao haiwezi kungoja. Fedha ya ada ya mtoto haiwezi kungoja. Fedha ya mkopo ndiyo isiyoweza kungoja kabisa. Kuiingiza fedha ya namna hiyo katika bei inayoyumba ni kujiweka mahali pa mwenye msafara mwenye deni, tena bila bunduki zake. Aidha wanaandaa njia kwa matapeli. Mwaka 2009, wakati Benki Kuu ilipoingilia kati mchezo wa upatu wa DECI, maelfu ya wananchi walikuwa wamekwisha "kupanda mbegu" wakitegemea kuvuna mara mbili. Hisa si upatu, maana nyuma ya hisa ipo kampuni inayofanya kazi. Lakini anayenunua hisa kwa sababu moja tu, kwamba mwingine atainunua kwa bei ya juu zaidi kesho, ameifanya kuwa upatu kwa nia yake mwenyewe.

Wanaosema tulaani na kukaa pembeni nao wamekosea. Soko la Hisa la Dar es Salaam limefanya kazi tangu mwaka 1998. Mifuko ya pensheni ya wafanyakazi inamiliki hisa humo. Kulaani wakati jasho la mfanyakazi limekwisha kuingizwa sokoni ni kumwacha peke yake. Mwezi Januari 1958, hapa hapa Tabora, TANU ilikabiliwa na jambo la namna hiyo. Uchaguzi wa kura tatu uliwekwa kwa masharti ya kikoloni, na wapo waliotaka Chama kisusie. Mkutano uliamua kushiriki, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Busara yake haikuwa katika kuyapenda masharti. Chama kiliingia kwa umoja, kikijua kinachokitafuta, na mgombea mmoja mmoja hakuachwa aingie kwa tamaa yake.

Njia ni ya nani?

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Wafanyabiashara wa Unyanyembe walimpiga vita, na Stanley aliyekuwa akipita kumtafuta Livingstone alijiunga nao, wakashindwa. Biashara ya Unguja ilitikisika mpaka amani ilipopatikana mwaka 1875. Mirambo hakuwa mjamaa, naye pia aliuza pembe na kuteka watu. Lakini alielewa jambo ambalo Tippu Tip hakulihitaji na mpagazi hakuliweza: kwamba anayeshika njia hupokea hongo kwa kila msafara, bei ikipanda au ikishuka.

Katika wakati wetu njia ni mkongo, masafa ya mawasiliano, vituo vya kuhifadhia data, umeme wa kuviendesha, madini na elimu ya vijana wetu. Mkongo wa Taifa uko mikononi mwa shirika la umma, TTCL. Mwaka 2019, baada ya mazungumzo magumu, hisa za Serikali katika Airtel Tanzania zilipanda kutoka asilimia 40 hadi 49. Hizo ni hatua za mwenye njia. Taifa linalosifia vijana wake kwa kununua vipande vya Nvidia, na papo hapo likauza madini yake ghafi na data zake bure, limechagua kuwa mpagazi mwenye cheti.

Lipo jambo moja linalowahusu viongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991 yalilegeza masharti hayo. Hatukusudii kurudisha mjadala wote hapa. Lakini sababu ya sharti la mwaka 1967 haijafa: anayetunga kanuni za njia hawezi kuwa na mzigo wake ndani ya msafara, kisha akatoza hongo kwa haki. Kadiri makampuni ya teknolojia yanavyokuwa makubwa, ndivyo wananchi wanavyozidi kuwa na haki ya kujua kiongozi wao ana hisa wapi.

Kwa makada wetu wanaoulizwa swali hili vijijini, tunapendekeza wafundishe mambo manne. Kwanza, mtu asinunue hisa kwa mkopo, wala kwa fedha yenye kazi ndani ya miaka mitano. Pili, anayeanza na akiba ndogo aanze kwa pamoja, kwa kupitia mifuko ya uwekezaji ya umma kama ile ya UTT, ambako hatari inagawanywa na hesabu zinakaguliwa. Tatu, chama cha msingi kisiguse fedha ya wanachama kwa ajili ya hisa bila mkutano mkuu kuamua, na daftari liwe wazi kwa kila mwanachama. Nne, katika kila somo la hisa liulizwe swali la mpagazi: faida hii imebebwa na nani, na analipwa nini?

Mkulima mmoja mmoja hawezi kungoja. Ndiyo maana bei humwumiza. Wakulima waliounganisha akiba zao wanaweza kungoja kidogo, na taifa linaloshika njia yake linaweza kungoja zaidi. Kazi yetu ya elimu ya siasa ni kuwasaidia wananchi waupate uwezo huo kwa umoja wao, kabla hawajaitwa tena kubeba.